Kihami cha kitopolojia

Mkoani Shinyanga kuna almasi ya Mwadui, aliyoigundua John Williamson mwaka 1940. Jirani, Geita, kuna dhahabu. Dhahabu ni kipitishi, almasi safi ni kihami. Kati ya hizo mbili wanafizikia wameweka kundi la tatu: kihami cha kitopolojia, kinachozuia umeme ndani na kuupitisha usoni.

Kwa nini tusiseme tu “kihami chenye uso kipitishi”? Kinaeleweka upesi, lakini hakitoshi. Pete iliyochovywa dhahabu ukiikwangua, dhahabu inatoka. Bismuthi teluridi, ambayo ni kihami cha kitopolojia, ukiikwangua au ukiivunja vipande, kila uso mpya unapitisha umeme vilevile, kwa sababu tabia hiyo inatokana na mpangilio wa elektroni za fuwele nzima. Topolojia ni hisabati ya sifa zisizobadilika kitu kinapokunjwa au kuvutwa. Kwa hiyo neno hilo libaki, hata kama ni la kukopa.

Kinachoutetea uso huo ni spini, sifa inayoifanya kila elektroni iwe kama sumaku ndogo. Elektroni inayokwenda na inayorudi zina spini zinazopingana, hivyo uchafu wa kawaida hauwezi kuigeuza moja irudi ilikotoka. Sumaku inaweza. Mwaka 2013 kikundi cha Xue Qikun, China, kilitia kromiamu, ili kuleta usumaku, katika utando wa bismuthi, antimoni na teluri. Karibu na sifuri halisi ya jotoridi, uso ukafunga njia, na mkondo ukabaki pembezoni tu, ukienda upande mmoja bila sumaku ya nje.

Mwanga nao una lake, na hapa ndipo ninaposhangaa zaidi. Mwaka 2016 watafiti, baadhi yao wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, walipitisha mawimbi ya terahezi katika utando wa bismuthi selenidi, kihami kingine cha aina hii, uliowekwa ndani ya uga wa sumaku. Ubapa wa mtetemo wa mwanga ulizunguka kwa hatua zinazopangwa na namba ya maumbile, takriban 1/137. Unene wa utando haukuhusika.

Teluri si ngeni Geita. Katika mwamba wa Geita Hill sehemu ya dhahabu imeungana nayo, na dhahabu ya namna hiyo zebaki ya mwaloni, wachimbaji wadogo wanakochenjulia, haiikamati vizuri. Michanganyiko hiyo si vihami vya kitopolojia. Katika mifano ya hapo juu bismuthi ndiyo muhimu. Lakini kawazuliti, madini ya bismuthi, teluri na seleni, ilipopimwa mwaka 2013 ikathibitika kuwa kihami cha kitopolojia cha asili, sampuli ilikuwa imetoka Jílové, Jamhuri ya Cheki, katika mgodi wa zamani wa dhahabu.