Mzizi wa Chuma na Mfupa wa Taya

Leo tutasoma habari ya meno, na ya mfupa unaoyashika.

Ninyi mkaao Mgeta, Matombo au Kinole, katika miteremko ya Uluguru, mwajua jambo hili. Nguzo ikisimikwa na ufa ukaachwa kando yake, maji ya mvua huingia ufani, udongo huondoka, na nguzo hulegea. Likumbukeni, maana madaktari wa meno nao walijifunza jambo kama hilo.

Jino liking'olewa, mfupa uliolishika hukosa kazi. Kwa mwaka mmoja tu unene wake waweza kupungua hata nusu. Ndiyo sababu mzee asiye na meno mashavu yake huingia ndani.

Mwaka 1952, huko Sweden, daktari Per-Ingvar Brånemark alitia kidude cha madini ya titaniamu katika mfupa wa mguu wa sungura. Alipotaka kukitoa, hakikutoka. Mfupa ulikuwa umekishika imara. Mwaka 1965 alimtilia Gösta Larsson mizizi ya titaniamu katika taya la chini. Larsson aliitumia mpaka alipofariki mwaka 2006.

Mzizi wa namna hii kwa kawaida una vipande viwili. Cha kwanza hukaa ndani ya mfupa. Cha pili husimama juu yake, kikashika jino la bandia. Mahali vinapokutana pana ufa mwembamba, jicho haliuoni. Lakini vijidudu vya mdomoni huingia humo, ufizi huvimba, na mfupa wa karibu hupungua. Taarifa ya mwaka 1981 ilionyesha kwamba mfupa ulipungua kama milimita 1.5 hapo mwanzo, kisha kidogo sana kila mwaka.

Mwaka 1991 ilitengenezwa mizizi minene, lakini vipande vya juu vya unene ule havikuwapo bado. Basi madaktari wakatumia vipande vyembamba. Miaka ilipopita, picha za eksirei zilionyesha kwamba mfupa haukupungua kama ilivyo desturi. Kwa nini? Kwa sababu ufa ulikuwa umesogea ndani, mbali kidogo na mfupa. Tangu hapo watengenezaji wengi hufanya hivyo kwa makusudi.

Hata hivyo, ufa haukwisha. Mwenye mzizi wa chuma asipousafisha kila siku, mfupa utaliwa.

Nasi je? Mizizi hii ni ghali. Mzizi ulio bora ni ule uliozaliwa nao. Tanzania ilianza kufundisha madaktari wa meno Muhimbili mwaka 1979. Basi ukiumwa na jino, usiseme upesi, "Ng'oa." Uliza kwanza, "Je, laweza kuzibwa?"

Maswali ya kuzungumza darasani:
1. Kwa nini mfupa hupungua jino likiondoka?
2. Ufa wa nguzo na ufa wa mzizi wa chuma vinafananaje?
3. Utamwuliza nini daktari kabla hajang'oa jino lako?