Hesabu ya Mafuta na Ziwa Edward

Sote wa Goma twajua kwamba petroli yatoka mbali, nayo yaletwa kwa malori toka pwani. Lakini ubishi wa wataalamu juu ya mwisho wa mafuta ya dunia ulifika hata kwetu, na yafaa tujue habari yake.

Mwaka 1956 mtaalamu wa miamba wa Marekani, M. King Hubbert, alitoa hesabu yake. Alionyesha kwamba uchimbaji wa mafuta hupanda, hufika kileleni, kisha hushuka, kwa kuwa mafuta yakitolewa hayarudi ardhini. Alikadiria kwamba Marekani ingefika kileleni karibu na mwaka 1970, na ndivyo ilivyokuwa. Basi wengi wakaogopa kwamba dunia nzima itafuata. Mwaka 2008 pipa moja lilipita dola 140. Wapinzani wao walijibu kwamba bei ikipanda, watu hubuni njia mpya. Nao walikuwa na sababu, maana Wamarekani walijifunza kupasua miamba migumu kwa nguvu ya maji, na mwaka 2018 wakakipita kilele chao cha zamani.

Katika miaka ile ya bei kubwa makampuni yalitafuta mafuta hata mahali palipoachwa zamani. Mwaka 2006 yalipatikana Uganda, kando ya Ziwa Albert. Kwetu, kampuni ya SOCO ya Uingereza ilipewa kitalu kilichoingia ndani ya Hifadhi ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925, ambayo UNESCO iliihesabu urithi wa dunia mwaka 1979. Mwaka 2014 kampuni ilipima Ziwa Edward. Watu wengine walitumaini kazi na barabara. Wengine walihofia samaki, ambao ndio riziki ya Vitshumbi na vijiji vingine vya ufukoni. Kelele zikapigwa duniani, na mwezi wa Juni mwaka ule kampuni ikapatana na shirika la WWF kwamba itaacha kazi baada ya vipimo. Kufika Januari 2015, pipa lilikuwa chini ya dola 50.

Hata hivyo ubishi haukuisha. Mwaka 2022 serikali ya Kinshasa ilinadi vitalu 27 vya mafuta, vingine vikigusa Virunga. Mwaka 2024 mnada ukafutwa.

Twaona basi kwamba hesabu za mafuta hugeuka upesi, na bei zake vilevile. Ziwa likichafuliwa haligeuki upesi hivyo. Lakini tusijidanganye: makaa yaletwayo mjini kwa chukudu nayo yaimaliza misitu ya Virunga, na mama apikaye hana moto mwingine. Mwaka 2015 mtambo wa umeme wa maji ulifunguliwa Matebe, katika Rutshuru. Kazi ya namna hiyo yahitaji kuongezwa, ili mwenye njaa asilazimike kuchagua kati ya chungu chake na msitu.