Jeli zinazosikia, na mwani wa Paje

Leo nawaletea historia ya kitu kinaitwa haidrojeli. Msikimbie! Ni wavu wa nyuzi ndogo sana ulioshika maji mengi kuliko uzito wake, kama ile jeli ya watoto. Zipo zinazosikia joto, chumvi au tindikali, zikavimba, zikasinyaa au zikayeyuka. Matabibu wanazipenda kwa hilo, maana dawa unaifungia ndani, ikatoka polepole pale inapotakiwa.

Vitabuni hadithi huanzia Prague, 1960, Otto Wichterle na Drahoslav Lím walipoandika kuhusu plastiki laini inayokaa na maji. Ndiyo iliyozaa lenzi laini za macho. Mwaka 1978 Toyoichi Tanaka, kule MIT Marekani, akaonesha kuwa badiliko dogo tu linaweza kuisinyaza jeli ghafla. Heshima zao. Ila mie nina ugomvi na historia hiyo, kwa sababu jeli inayosikia joto na chumvi tunailima wenyewe, upande wa pili wa kisiwa hiki hiki.

Ndani ya mwani mna karaginani. Iyeyushe kwa maji ya moto. Ikipoa nyuzi zake zinajisokota na kuganda. Ipashe tena, inayeyuka. Ya mwani wa kotoni huitwa kappa, inapenda potasiamu na kuganda ngumu. Ya spinosamu ni iota, inapenda kalsiamu, laini, na ukiitikisa inalegea, ukiiacha inajishika tena.

Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliuhangaikia mwani wetu tangu miaka ya 1970. Kilimo cha biashara kikaanza 1989, Paje na Jambiani, kwa mbegu za Ufilipino. Kazi wakaishika kina mama: vijiti, kamba, taitai, na maji ya kiunoni bamvua likitoka. Kotoni ndiyo ilikuwa na bei. Lakini tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 ikawa inakufa kwa maradhi, na bahari inazidi joto. Tukabaki na spinosamu, ile ya bei ya kutupa.

Sasa sikilizeni. Afrika Kusini ilijaribiwa jeli ya karaginani iitwayo Carraguard, kwa wanawake zaidi ya 6,000, kuwakinga na virusi vya UKIMWI. Matokeo ya 2008: salama, lakini haikukinga. Iliuma, lakini kazi haikuishia hapo. Iota ikaingia kwenye dawa za kupuliza puani kwa mafua, na 2021 Argentina waliijaribu kwa wafanyakazi wa hospitali wapatao 400: waliopulizia iota walipata korona wachache kuliko wenzao. Jaribio dogo hilo, msianze kutafuna mwani!

Kwa hiyo iliyomo puani mwa watu ni ile ile ya bei ya kutupa. Sisi tunaipakia mikavu kwenye magunia, na skulini Jambiani mtoto wa mkulima anasoma polima kwa mfano wa nailoni.

Nikienda mazoezi ya kufundisha naanza na mwani, sufuria na jiko la mkaa. Anayejua duka la mjini linalouza kloridi ya potasiamu anistue.