Mwingiliano wa makundi ya watumiaji

Mwingiliano wa makundi ya watumiaji ni mbinu ya kuchanganua takwimu za tovuti inayoonyesha watu waliomo katika kundi zaidi ya moja. Google Analytics 4 hulinganisha makundi yasiyozidi matatu, mathalani wageni wapya, wanaotumia simu na walionunua. Matokeo huchorwa kwa miduara inayoingiliana, mchoro uliopewa jina la Mwingereza John Venn, aliyeueleza mwaka 1880. Uhondo wote umo katikati, walipo wageni wapya walionunua kwa simu. Wengi hukosea kwa kujumlisha tu: makundi ya watu 600 na 500, yenye 200 wa pamoja, yana watu 900, si 1,100. Tena, mtu mwenye simu na kompyuta, asipoingia kwa akaunti yake, huweza kuhesabiwa mara mbili.