Kipimo cha damu kilichosifiwa, kikaanguka

Kila Mei 30 dunia huadhimisha Siku ya MS, yaani multipo sklerosisi, ugonjwa ambao kinga ya mwili huugeukia mwili wenyewe na kula ala ya mishipa ya fahamu. Hapa Mkonze, viungani mwa Dodoma, jina hilo ni geni. Lakini eleza dalili zake, jicho moja kufifia, miguu kufa ganzi, mkojo kugoma, na hutakosa wa kusema mtu huyo karogwa.

Ugonjwa huu ulielezwa na Charcot jijini Paris mwaka 1868. Mwaka 1891 Quincke wa Ujerumani akaonyesha namna ya kuchota maji ya uti wa mgongo kwa sindano. Mwaka 1942 Elvin Kabat na wenzake huko Marekani waliyapima maji hayo kwa umeme, wakakuta wagonjwa wa MS wana kingamwili nyingi kupita kiasi. Miaka ya 1960 Wabelgiji wakaziona zimejipanga kwa vistari. Mpaka leo maabara huyalinganisha maji ya mgongo na damu ya mgonjwa yule yule. Vistari vikitokea kwenye maji tu, kingamwili hizo zinatengenezwa ndani ya mfumo wa fahamu wenyewe. Hata hivyo si alama ya MS peke yake. Malale, kaswende na VVU vikifika kwenye ubongo huweza kuvileta, na hayo ni maradhi yetu.

Sindano ya mgongo inaogopwa, kwa hiyo kipimo cha damu kilitamaniwa sana. Mwaka 2003 madaktari wa Innsbruck, Austria, wakiongozwa na Thomas Berger, walitangaza kukipata. Walikuwa na wagonjwa 103 waliopata shambulio la kwanza. Walitafuta kwenye damu kingamwili mbili, za protini mbili za ala hiyo ya mishipa ya fahamu, MOG na MBP. Kati ya 22 waliokuwa nazo zote mbili, 21 walipata shambulio jingine. Kati ya 39 wasio na hata moja, ni 9 tu. Nani asingefurahi? Tone la damu, na mgonjwa anajua lililo mbele yake.

Furaha hiyo ilidumu miaka minne. Mwaka 2007 Jens Kuhle na wenzake walipima wagonjwa 462, uhusiano ule haukuonekana kabisa. Jarida lililoichapisha habari njema ndilo lililochapisha mbaya. Sababu moja kubwa ilikuwa njia ya upimaji: protini ilikunjuliwa, ikapoteza umbo ililo nalo kwenye seli hai. MOG ilipopimwa juu ya seli hai, ikajulikana kuwa kingamwili zake ni alama ya ugonjwa mwingine, unaofanana tu na MS. Nawaheshimu waliorudia kupima. Bila wao watu wangeendelea kutishwa, au kutulizwa, kwa majibu yasiyo na maana.

Kipimo kinachotuhusu zaidi kilipatikana wakati huo huo, bila kelele nyingi. Mwaka 2004 Vanda Lennon na wenzake wa Mayo Clinic, Marekani, waligundua kingamwili kwenye damu ya wagonjwa wa NMO, ugonjwa unaopofusha macho na kupoozesha miguu, uliochanganywa na MS kwa miaka mingi. Mwaka uliofuata wakaonyesha kinachoshambuliwa: akwaporini-4, mlango wa maji kwenye seli. NMO huwapata watu wenye asili ya Afrika mara nyingi kuliko Wazungu, na baadhi ya dawa za MS, interferoni beta ikiwamo, huweza kumzidishia mgonjwa wake maradhi. Daktari akikosea jina, tiba nayo huumiza.

Dodoma leo ina Hospitali ya Benjamin Mkapa, ina chuo kikuu, na Wizara ya Afya iko Mtumba. Naiomba Wizara ihakikishe kipimo cha akwaporini-4 kinapatikana katika hospitali za rufaa, kwa mwenye bima na asiye nayo. Nawe msomaji, jicho likififia ghafla au ganzi ikipanda hadi kiunoni, nenda hospitali siku hiyo hiyo.