Mahafali ya sekondari Texas: kwa nini wanapiga kelele namna ile?



Kila ikifika mwisho wa Mei, Waswahili wa hapa Carrollton hutuma nyumbani picha za watoto wamevaa majoho. Na kila mwaka swali ni lile lile, liwe limetoka Tanga, Moshi au Mombasa: "Huyo mtoto kamaliza chuo kikuu lini?" Hajamaliza chuo, kamaliza sekondari tu. "Sasa joho la nini, na mbona mmealika watu mia?" Nimeona leo nilijibu kwa urefu, maana jibu lake ni historia, na historia yenyewe si ya sherehe tupu.

Kwanza mpate picha ya mahali. Carrollton ni mji ulio kaskazini ya Dallas. Kwenye sensa ya 2020 ulikuwa na watu 133,434, na umekaa juu ya mipaka ya kaunti tatu: Dallas, Denton na Collin. Sekondari za umma zilizo ndani ya mji ni R. L. Turner, Newman Smith na Creekview, ambazo ziko chini ya idara ya shule za Carrollton na Farmers Branch, na Hebron iliyo chini ya idara ya Lewisville. Creekview ilifunguliwa 1998 na Hebron 1999, wakati mji unapanuka kwa kasi. Humo ndani utakuta Wamexico, Wakorea, Wahindi, Wavietnam, Wanigeria, na sisi wa Afrika Mashariki tumo. Ikikaribia Mei, nyumba yenye mhitimu inachomekwa bango mbele kwenye majani: jina la mtoto, shule, mwaka. Siku yenyewe majina yanasomwa moja moja, na kila jina lina kelele zake. Vigelegele vyetu vimo pia, na nakuhakikishia havijifichi!

Haya, joho limetoka wapi? Vyuo vikuu vya Marekani vilikubaliana kanuni za majoho mwaka 1895. Sekondari zikaiga baadaye. Mwaka 1910, katika kila vijana 100 wa Marekani wenye umri wa miaka 18, waliomaliza sekondari walikuwa 9 hivi. Ilipofika 1940, walikuwa karibu nusu. Ndani ya miaka thelathini miji midogo ilijenga sekondari zake kwa kodi zake yenyewe, na kwa wengi wa vijana wale hiyo ndiyo ilikuwa shule ya mwisho maishani. Hakukuwa na mahafali nyingine mbele. Ndiyo maana mji mzima ulitoka kuwapongeza, na desturi ikabaki hata leo ambapo wengi wanaendelea na chuo. Ule muziki wa kuingilia taratibu ni wa Mwingereza Edward Elgar, aliutunga 1901, na vyuo vya huku vilianza kuupenda baada ya kupigwa Yale mwaka 1905, siku Elgar mwenyewe alipopewa digrii ya heshima.

Kuna tofauti nyingine ambayo ndugu wa Tanzania mtaielewa haraka. Kwetu mahafali ya kidato cha nne hufanyika kabla ya mtihani. Mnakula pilau, mnapiga picha, kisha mtoto anaingia chumba cha mtihani Novemba, na matokeo yanatoka Januari wakati shamrashamra zimekwisha zamani. Sherehe ile ni ya kuagana. Texas hakuna mtihani mmoja wa mwisho unaoamua kila kitu. Mtoto anakusanya alama za masomo yake kwa miaka minne, ana mitihani ya jimbo ya kupita njiani, na akisimama jukwaani kwa kawaida kazi imeshakwisha. Anayepiga kelele anajua anashangilia nini.

Sasa tuje kwenye kushika namba, jambo ambalo sisi Waswahili tunalipenda sana. Huku kila shule inawapanga wahitimu wake kwa wastani wa alama. Wa kwanza hutoa hotuba ya kuaga, na jimbo la Texas humsamehe ada ya masomo ya mwaka wake wa kwanza katika vyuo vikuu vya umma vya jimbo. Zingatieni hapo: ni wa kwanza wa shule yake, si wa jimbo zima. Wa kwanza wa shule ya mabwanyenye na wa kwanza wa shule ya watoto wa mafundi bomba wanapata haki ile ile.

Mwaka 1997 wazo hilo lilipanuliwa. Mwaka mmoja kabla, mahakama ya rufaa katika kesi ya Hopwood ilikuwa imevizuia vyuo vya Texas kuangalia rangi ya mwombaji wakati wa kuchagua wanafunzi. Wabunge wa jimbo wakatafuta njia nyingine, wakapitisha sheria iliyosainiwa na George W. Bush, wakati huo gavana: mwanafunzi aliye katika asilimia 10 ya juu ya shule yake anapokelewa moja kwa moja na chuo kikuu chochote cha umma cha Texas. Vijiji vya mbali na mitaa ya maskini ikaanza kupeleka watoto Austin, hata shule ambazo hazikuwa na mazoea hayo. Waombaji wakawa wengi mno, kwa hiyo tangu 2009 Chuo Kikuu cha Texas kilichoko Austin kinaruhusiwa kupunguza kiwango hicho. Kwa wanaoingia 2026 kimeshuka hadi asilimia 5. Vyuo vingine vya umma bado ni 10.

Linganisheni na kwetu. Baraza la Mitihani la Tanzania lilikuwa likitangaza kumi bora wa nchi nzima na shule bora, magazeti yanajaa picha, na karibu kila mwaka ni shule zile zile. Januari 2023 Baraza likaacha kutangaza. Kuna waliofurahi na kuna walionuna. Mimi nasema hivi: kumi bora ya nchi inakuambia nani alikuwa na maabara na walimu kamili. Kumi bora ya shule yako inakuambia nani alikitumia vizuri alichokuwa nacho. Ni sifa mbili tofauti, na ya pili haipati magazeti.

Lakini msije mkadhani Texas imekuwa na ukarimu huo siku zote. Hapa ndipo historia inapokuwa chungu.

Tangu 1910 Chuo Kikuu cha Texas kilikuwa na ligi ya mashindano ya shule: mijadala, tahajia, hesabu, muziki, michezo. Hadi leo bingwa wa ligi hiyo ni mfalme wa mji wake. Kwa miongo mingi shule za watoto weusi hazikuruhusiwa kuingia. Basi walimu weusi wakaunda ligi yao mwaka 1920, makao yakiwa chuo cha Prairie View karibu na Houston, ikadumu mpaka 1970. Walikuwa na mashindano yao, vikombe vyao na mabingwa wao, na magazeti makubwa ya Dallas yaliwapa nafasi ndogo.

Tazameni sasa waliotoka humo. Barbara Jordan alimaliza Phillis Wheatley, Houston, mwaka 1952, akiwa bingwa wa kuhutubia. Hakuweza kusoma digrii ya kwanza Austin kwa sababu ya rangi yake, akasoma Texas Southern, kisha sheria Boston. Mwaka 1966 akachaguliwa kuingia Seneti ya Texas, mtu mweusi wa kwanza tangu 1883, na 1972 akashinda kiti cha Bunge la Marekani. Mwaka 1974, wakati wa kashfa ya Watergate, nchi nzima ilinyamaza kumsikiliza kwenye televisheni. Dallas yenyewe ilikuwa na Booker T. Washington, iliyofunguliwa 1922. Ernie Banks alihitimu pale 1950, akawa mchezaji mkubwa wa besiboli wa Chicago, na 1977 akaingizwa kwenye jumba la mashujaa wa mchezo huo. Tangu 1976 shule hiyo ni ya sanaa na inapokea watoto wa rangi zote. Erykah Badu, Roy Hargrove na Norah Jones wote wamepita hapo. Ukipanda treni ya kijani hapa Carrollton (ilifika kwetu Desemba 2010), unateremka katikati ya Dallas na kuifikia kwa miguu.

Mwaka 1956 ulikuwa mgumu. Kusini ya hapa, kwenye mji wa Mansfield, watoto weusi walikuwa wanasafiri hadi Fort Worth kusoma I. M. Terrell, kwa sababu sekondari ya mji wao ilikuwa ya weupe peke yao. Mahakama ikaamuru wapokelewe. Umati ukazingira shule, na Gavana Allan Shivers akapeleka askari wa jimbo, lakini kazi yao haikuwa kuwasindikiza watoto kuingia. Mansfield ilifungua milango 1965. Wakati huo huo I. M. Terrell, shule waliyoachiwa, ilishatoa Ornette Coleman, mmoja wa waliobadilisha muziki wa jazi duniani. Na kaskazini yetu, Denton, chuo kilichokuwa kikiitwa North Texas State kilipokea mwanafunzi wake wa kwanza mweusi wa digrii ya kwanza mwaka huo huo wa 1956, baada ya kijana wa Dallas, Joe Atkins, kukishtaki na kushinda. Leo watoto wengi wa Carrollton wanasoma Denton na kurudi nyumbani kula chakula cha jioni.

Miaka mitatu baadaye, Septemba 1959, ndege aliyoihangaikia Tom Mboya ilitua New York na wanafunzi 81. Mwaka uliofuata Wangari Maathai, aliyemaliza Loreto Limuru, alikwenda Kansas. Mwaka 2004 akapata Nobeli ya Amani. Kwa hiyo kijana wa Nairobi alikuwa anapokelewa kwa shangwe katika nchi ambayo kijana mweusi wa Mansfield alikuwa anafukuzwa mlangoni. Tuliokuja baadaye tumekuta milango waliyoigonga wengine. Tusisahau.

Halafu kuna mlango wetu sisi wahamiaji. Mwaka 1975 Texas ilitunga sheria ya kunyima fedha za shule watoto wasio na karatasi, na shule za Tyler, mashariki ya Dallas, zikaanza kuwatoza ada dola 1,000 kwa mwaka. Wazazi wakaenda mahakamani. Tarehe 15 Juni 1982 Mahakama Kuu ya Marekani ikaamua, majaji watano kwa wanne, kwamba mtoto hawezi kunyimwa shule ya umma kwa sababu ya karatasi. Uamuzi huo unaishia kwenye sekondari. Chuo je? Mwaka 2001 Texas ikawa jimbo la kwanza kuruhusu vijana waliokaa miaka mitatu na kuhitimu sekondari hapa walipe ada ya wenyeji, hata kama karatasi hawana. Gavana Rick Perry alisaini. Kwa miaka 24 sheria ile ilisomesha vijana wengi. Tarehe 4 Juni 2025 serikali ya Marekani ikaishtaki Texas, Texas ikakubali siku hiyo hiyo, jaji akaizima. Ilikuwa siku chache tu baada ya mahafali. Kuna vijana waliovua joho wakakuta ada imepanda mara kadhaa, na kofia bado iko mezani.

Ndiyo maana nasema kelele zile si za kijinga. Jina linaloitwa limepita kwenye milango mingi, na mingine inafungwa nyuma yake.

Watu wakiulizwa wahitimu maarufu wa Carrollton, hutaja wachezaji wa mpira wa Kimarekani. Jamal Adams wa Hebron alichaguliwa namba 6 na New York Jets mwaka 2017. David Blough wa Creekview alianza mechi yake ya kwanza ya ligi kuu na Detroit Lions siku ya Shukrani mwaka 2019. Hongera zao, wamestahili. Lakini kwenye hospitali, karakana na madarasa ya hapa wamejaa wahitimu wa shule zile zile, na wengine wana majina kama yetu. Hao hawana bango barabarani zaidi ya lile la siku moja.

Kwa hiyo mkiletewa picha mwakani, msiulize joho la nini. Mwulizeni mtoto mambo matatu: umekuwa wa ngapi katika shule yako, unakwenda wapi, na ada nani analipa. La tatu ndilo litakalowaonyesha kama mchango wenu wa pilau unahitajika kweli au bora mwende kwenye vitabu. Na wale mnaofikiria kuleta watoto huku kusoma, waulizeni wanasheria habari za karatasi mapema, msingoje kidato cha mwisho, maana sheria za hapa zinabadilika kati ya Jumatatu na Jumatano.

Wahitimu wetu wote, wa huku na wa huko, hongereni. Wazazi, poleni na hongereni pia!

Mwenye maswali aandike, nitajibu nikitoka kazini. Nawasalimu sana.