Mafuta ya Midomo Katika Msitu wa Lubutu

Lubutu iko karibu kabisa na ikweta, kaskazini mwa Maniema, nchini Kongo, kwenye barabara inayotoka Kisangani kuelekea Walikale na Bukavu. Mvua hunyesha karibu kila mwezi, na msitu unaouzunguka mji hautoi nafasi kwa hewa kukauka. Mahali kama hapo midomo haina sababu kubwa ya kupasuka kwa upepo au baridi kama inavyopasuka Ulaya wakati wa kipupwe. Hata hivyo mafuta ya kupaka midomo ni desturi ya zamani katika nchi hiyo ya mchikichi. Ndiyo maana anayeandika historia ya dawa hii hawezi kuanza na swali la walichopaka watu. Inampasa aulize kwanza kilichoipasua midomo yao. Naamini midomo ya watu wa msituni ilipasuliwa zaidi na homa na lishe pungufu kuliko na hali ya hewa, na kwamba chupa ya mafuta ilifanya kazi vizuri pale tu chungu kilipokuwa kimejaa. Mambo hayo mawili yalitoka katika shamba moja na katika saa zilezile za kazi, na saa hizo ndizo serikali ya kikoloni ilizozitaka.

Tuanze na mafuta yenyewe. Mchikichi ni mti wa kale Afrika ya Kati: makaa ya kokwa zake yamefukuliwa katika makazi ya watu walioishi zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Msafiri Burton alipofika Ujiji mwaka 1858 alikuta mawese ni bidhaa ya sokoni, na Livingstone, aliyeingia Maniema mwaka 1869, aliikuta nchi yenye michikichi tele. Utengenezaji wa mawese kijijini haujabadilika sana. Mkungu hukatwa, chikichi huchemshwa mpaka nyama yake ilegee, hutwangwa kinuni, kisha hukandwa kwa maji ya moto hadi mafuta mekundu yaelee na kuenguliwa. Hayo ni ya kupikia, na yakipakwa usoni huacha rangi. Kwa ngozi yanafaa zaidi mafuta ya kiini, ambayo watu wa kando ya Ziwa Tanganyika huyaita mafuta ya mise. Kokwa huanikwa juani, huvunjwa moja moja kwa jiwe, na kiini hukaangwa mpaka kitoe mafuta meusi yenye harufu ya moshi. Asubuhi ya baridi mafuta hayo huanza kuganda. Yakigusa mdomo huyeyuka kwa joto la mwili na kutanda juu yake. Kikombe kimoja hudai kazi ya saa nyingi, na kwa kawaida kazi hiyo ni ya wanawake na watoto.

Mdomo wahitaji mafuta ya nje kwa sababu ngozi yake ni nyembamba mno na haina tezi za kutosha za kujipaka yenyewe. Mtu mwenye malaria hukaukiwa na maji mwilini, midomo hubabuka, naye huilamba ili apate nafuu. Mate yakikauka huondoka na unyevu uliobaki, na ufa huongezeka. Tone la mafuta hukata mzunguko huo. Lakini upo mpasuko wa aina nyingine, ule wa pembeni mwa mdomo, ambao mafuta huutuliza tu bila kuuponya. Mwaka 1938 watafiti wawili wa Marekani, Sebrell na Butler, walionyesha kwamba wanawake waliolishwa chakula kisicho na vitamini B2 ya kutosha walipatwa na midomo myekundu na nyufa za pembeni, na walipopewa vitamini hiyo nyufa zikafunga. Tangu hapo mdomo ukawa moja ya dalili ambazo mganga huziangalia anapotaka kujua mtu anakula nini.

Hapa yupo atakayenipinga kwa haki. Atasema mawese yana asili ya vitamini A na yana vitamini E, lakini hayana B2, kwa hiyo kuyaunganisha na ufa wa pembeni ni kuyasifia kwa kazi isiyo yake. Ni kweli, na sidai vinginevyo. B2 ilitoka kwenye sombe (majani ya muhogo), samaki, nyama ya porini, viwavi na karanga. Mawese yalikuwa kiungo kilichofanya sombe iliwe kwa wingi na kwa hamu. Mpunga ulioletwa na Waungwana wa misafara ya pwani nao ulishika Maniema; ukitwangwa kinuni nyumbani hubaki na sehemu ya pumba yake, ilhali mashine hukoboa pumba pamoja na vitamini zilizomo. Muhogo mtupu, bila majani yake na bila kitoweo, hushibisha tumbo na kuuacha mdomo ukipasuka. Familia iliyokuwa na muda wa kwenda mtegoni, kuchuma majani na kuvunja kokwa ilikuwa na dawa zote mbili kwa pamoja, ya ndani na ya nje.

Muda huo ulianza kupunguzwa kwa sheria. Kodi ya fedha iliwafanya wanavijiji wauze hata kokwa walizokuwa wakizikaanga nyumbani, kwani viwanda vya Ulaya vilizitaka kwa sabuni na siagi ya mimea. Mwaka 1911 Ubelgiji ilitia saini mkataba na William Lever ulioipa kampuni yake maeneo matano makubwa ya michikichi. Lubutu haikuwemo, lakini bei na hamu ya soko zilivuka mipaka ya maeneo hayo. Mwaka 1917 yakaja mazao ya lazima, yaliyopiganiwa na mkurugenzi wa kilimo Edmond Leplae, na Maniema ikawa moja ya mahali pa mwanzo pa pamba. Kila mwanakijiji alidaiwa siku 60 kwa mwaka. Katika Vita Kuu ya Pili, Japani ilipozitwaa Malaya na visiwa vya Indonesia, siku hizo zikapandishwa mwaka 1942 hadi 120, maana washirika wa vita walikosa mpira, bati na mafuta. Punia, jirani ya Lubutu, na Kalima zilichimbwa bati. Mafuta ya mchikichi yalitoa sabuni, sabuni ikatoa gliserini, na gliserini ikaingia kwenye baruti. Mawese yalitumika hata viwandani wakati wa kupaka bati juu ya mabamba ya chuma ya kutengenezea makopo. Kitu kilichokuwa tone la kumpaka mtoto mwenye homa kilihesabiwa sasa kwa tani.

Wakumu wa Masisi na Lubutu waliasi mapema mwaka 1944, chini ya Bushiri, aliyehubiri dini ya Kitawala. Maasi hayo yalikuwa na mizizi ya dini, na nisingependa mtu ayafanye kuwa hadithi ya tumbo peke yake. Lakini waliomfuata walikuwa wamechoshwa na kazi za barabara, migodi na mazao ya vita, na kazi hizo hizo ndizo zilizozinyima nyumba zao kitoweo. Kuyatenganisha mahubiri yake na siku 120 ni kuisoma nusu ya habari.

Pingamizi la mwisho ni la Vaseline, ambayo Robert Chesebrough aliipatia hataza Marekani mwaka 1872. Wapo wanaoona kuenea kwake Afrika kuwa ushahidi kwamba mafuta ya kiini yalikuwa dawa ya umaskini, iliyosubiri kitu bora. Nakubali kwamba katika kuzuia maji yasitoke kwenye ngozi, mafuta mgando ya petroli huyashinda ya mimea, tena hayachachi wala hayanuki moshi. Kwa mdomo uliobabuka kwa homa, kopo la dukani ni dawa nzuri. Ila ushindi wake katika vijiji vya Kongo hauwezi kuelezwa kwa ubora pekee. Lilikuja likiwa tayari, halikumdai mama saa za kuvunja kokwa, likamkuta mtu ambaye saa zake zilikuwa zimeshahesabiwa na wengine. Na kwa ufa wa pembeni kopo hilo halina la ziada kuliko mise: vyote viwili hufunika kidonda, na kinachokifunga hutoka jikoni. Ndiyo sababu mtoto wa Lubutu anayeletwa zahanati akiwa na pembe za midomo zilizochanika anastahili kuulizwa amekula nini mwezi huu kabla ya kupakwa chochote.